Sanamaki Ndani ya Chupa Isiyoitaja

Shangazi yangu, ambaye kwa miaka sabini na ushei hakuwahi kulala hospitali ila kwa kujifungua, alilazwa mwaka jana kwa siku nne. Miguu ilikuwa ikimkaza usiku, mikono imekosa nguvu ya kuinua hata birika, na moyo, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa ukirukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Vipimo vilionyesha kuwa madini ya potasiamu yamepungua mno katika damu yake. Daktari, kijana mwenye adabu, akamwamkia, kisha akamwuliza: "Bibi, kuna dawa yoyote unayotumia nyumbani?" Shangazi akajibu kuwa hatumii dawa. Anatumia kitu cha kusafisha mwili tu.

Kitu hicho nilikikuta kwenye dirisha la chumba chake: chupa yenye kibandiko cha kijani, picha ya jani, na ahadi kwa herufi kubwa kwamba "huondoa sumu zote mwilini". Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mpaka lini, hapakuandikwa. Alikuwa amekinywa miezi mitatu. Nyuma ya chupa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na majina ya Kilatini, na la kwanza lilikuwa Cassia angustifolia.

Nikamwambia: "Shangazi, hii ni sanamaki."

Akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa mzazi. "Sanamaki naijua, mwanangu. Mama alitunywesha sanamaki tangu hatujaota meno ya utu uzima. Hii si sanamaki. Hii ni dawa ya sumu."

Jibu hilo ndilo lililonituma kuandika makala haya. Mwanamke aliyeijua dawa tangu utotoni, kwa harufu yake na kwa maudhi yake, alikaa nayo kinywani miezi mitatu asiitambue, kwa sababu ilikuwa imevuliwa jina. Sisi tunaoshughulika na maneno husikia mara nyingi kwamba jina ni vazi tu, na kwamba aliyevaa ni yuleyule hata akilivua. Nimetumia miezi kadhaa kuyafuatilia maneno ya kale ya pwani yanayohusu kusafisha mwili, na nimeona kuwa kwa dawa hizi jina halikuwa vazi. Ndani yake mlikuwa na kipimo.

Nianze na sanamaki yenyewe. Ni neno la Kiarabu, sana makki, yaani sana ya Makka. Mmea ni kichaka kifupi cha jamii ya mikunde, chenye maua ya njano, kinachoota katika nchi kavu za Sudani, kusini mwa Misri, Bara Arabu na India. Wazungu waliipata sana kupitia bandari ya Aleksandria, na ndiyo maana hadi leo jina lake la kitaalamu ni Senna alexandrina. Sisi tuliipata kwa majahazi kutoka upande wa Arabuni, tukaiita kwa mji wa mahujaji. Mmea mmoja, bandari mbili, majina mawili. Hilo la Cassia angustifolia ni jina jingine la kisayansi, lililotumika kwa sana ya India, na wauzaji wengi hawajaliacha.

Umri wa dawa hii si mdogo. Katika hadithi zilizopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, Asma binti Umais anaulizwa na Mtume anatumia nini kulainisha tumbo. Anataja shubrumu, mmea mkali wenye utomvu, naye anaambiwa kuwa huo ni moto mno. Ndipo anapogeukia sana. Msomaji aliweke kando neno hilo moto. Halikukusudia moto wa jikoni, na tutakutana nalo tena.

Bibi yangu mzaa baba aliishi Pangani. Sanamaki yake ilitoka katika duka la dawa za Kihindi na Kiarabu, ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya gazeti, majani makavu yenye harufu inayofanana na chai iliyochacha. Aliiloweka jioni pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, ili isikate tumbo. Mtu mzima alipewa kikombe cha kahawa, mtoto nusu yake. Kilinywewa baada ya sala ya isha, usiku mmoja tu. Kesho yake hakuna aliyetumwa sokoni wala shuleni. Siku nzima ilikuwa ya uji mwepesi na ya kukaa karibu na choo. Mwenye mimba hakupewa. Aliyekwisha kunywa hakuguswa tena mpaka miezi mingi ipite, na bibi aliikumbuka tarehe ya kila mmoja wetu kama mkopeshaji.

Leo tunaweza kueleza kwa lugha ya maabara kwa nini utaratibu ule ulikuwa hivyo. Kemikali za sanamaki hupita tumboni bila kufanya jambo kubwa mpaka zifike kwenye utumbo mpana. Huko bakteria huzigeuza, na ndipo utumbo unapochochewa kujikaza na kuacha maji yapite. Safari hiyo huchukua kama saa 6 hadi 12, basi anayekunywa isha huamshwa alfajiri. Tangawizi haikuwa mapambo: hata wafamasia wa Uingereza walikuwa wakiichanganya na sana kwa sababu ileile. Na usiku mmoja haukuwa ubahili. Anayeendelea kunywa wiki baada ya wiki hupoteza maji na madini, potasiamu ikiwamo, na misuli, pamoja na msuli mkubwa ulioko kifuani, huanza kulalamika. Maelekezo ya kisasa ya dawa za sana husema zisitumiwe zaidi ya wiki moja bila ushauri wa daktari. Bibi, ambaye hakuwahi kuona maelekezo hayo, alikuwa mkali kuliko waliyoyaandika.

Kiswahili cha pwani hakikuwa na neno moja kwa kazi hii. Palikuwa na msahala, ambalo kamusi zetu za zamani zinalifasiri kuwa dawa ya kuharisha. Asili yake ni mus-hil ya Kiarabu, kinachorahisisha, nalo ni ndugu wa sahali, jambo jepesi. Palikuwa na haluli, jina ambalo watu wengi wa rika la wazazi wangu walilitumia kwa chumvi nyeupe ya dukani, ile ambayo Waingereza waliipa jina la mji wao wa Epsom, ambako watu walikuwa wakinywa maji ya chemchemi kwa ajili ya matumbo tangu karne ya 17. Chumvi ilikuja na Mzungu, lakini jina lilikuwa limeshakaa likiisubiri. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufungua fundo na kulegeza kilichokazwa, na ndio mzizi wa halali, yaani kilichofunguliwa. Watu wazima wa nchi za Ghuba nao wanalikumbuka neno hilo kwa kinywaji walichoshikwa pua wakanyweshwa utotoni. Halafu palikuwa na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya mnyonyo au ya mbono, kwa watoto wenye minyoo. Juu ya hayo sina la kusema ila kwamba kila aliyeyanywa anayakumbuka.

Kwa mshairi, hata hivyo, hakuna dawa ya tumbo inayoizidi shubiri. Sidhani kuna mtunzi wa Kiswahili ambaye hajaiweka mahali fulani katika beti zake, ikiwa mkabala wa asali. Tumeitumia kwa mapenzi yaliyogeuka, kwa dunia, kwa ndoa, kwa siasa, hata tukasahau kwamba ni kitu kinachoshikika: utomvu wa njano unaotoka kwenye jani la mshubiri likikatwa, ukachemshwa na kukaushwa mpaka ukawa kama gundi nyeusi. Kwa karne nyingi kisiwa cha Sokotra kilisifika kwa utomvu huo, na bandari yetu ya Unguja nayo iliusafirisha kwa wingi, hata masoko ya London yakawa na aina yake iliyoitwa kwa jina la Zanzibar. Nyingine ilifika ikiwa imefungwa ndani ya ngozi, na wafanyabiashara wakaiita shubiri ya ngozi ya kima. Kazi yake ilikuwa ni hiihii ya kuharisha, kwa kemikali zilizo za ukoo mmoja na zile za sanamaki.

Kamusi za kale huandika pia subili na subiri. Hapo ndipo panapofurahisha. Kwa Kiarabu, mzizi wa herufi sad, ba na ra umezaa sabr, uvumilivu, na sabir, utomvu huu mchungu. Wote wawili walivuka bahari. Mmoja akawa subira, mwingine akawa shubiri, na katika umbo lake la kale, subiri, haukutofautika hata kidogo na kitenzi cha kumtaka mtu angoje. Watunzi wanaotaka mizani na vina hawajapata bahati kubwa kuliko hiyo, nashangaa walivyoitumia kwa uchache. (Ile shubiri ya kupimia, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, ni mtu mwingine kabisa, yeye ametoka kwa shibr, na kufanana kwao ni ajali ya barabarani.) Anayekunywa shubiri huwa anaambiwa mambo mawili kwa neno moja: ni chungu, na ngoja. Dawa hiyo nayo hufanya kazi yake baada ya saa nyingi. Nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa iliiondoa mwaka 2002 katika orodha ya dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wameleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Katika chupa ya shangazi, jina la pili la Kilatini lilikuwa lake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishika zaidi. Bibi hakuwa akiwapa sanamaki waliofunga choo peke yao. Alimpa pia babu, kila baada ya masika, kwa ajili ya baridi yabisi. Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu. Nilipokuwa mkubwa niliona ni ujinga wa wazee, kwani maungo yanayouma yana uhusiano gani na choo? Ilinibidi nilitazame neno lenyewe.

Wengi wetu tukisema baridi yabisi tunadhani yabisi ni jina la viungo, au tunalimeza lote kwa pamoja kama tunavyomeza "hohehahe". Lakini yabisi ni kavu, au gumu lisilo na maji. Wanafunzi wa sayansi wanalijua: maada huwa yabisi, kimiminika au gesi. Basi baridi yabisi ni baridi-kavu. Kwa nini maradhi yaitwe kwa sifa mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu namna hiyo? Kwa sababu hizo ni sifa mbili kati ya nne zilizotawala utabibu wa dunia ya kale kwa zaidi ya miaka 1,500: moto, baridi, ukavu na unyevu. Daktari Galen, Myunani aliyezaliwa Pergamoni mwaka 129, alizipanga kutokana na mafundisho ya Hippocrates na wenzake. Huko Baghdad, katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wanafunzi wake walivigeuza vitabu vya Galen kuwa Kiarabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaikusanya elimu yote katika Qanun yake. Kutoka hapo ilisambaa kwa misafara na majahazi. India inafundishwa vyuoni hadi leo kwa jina la tiba ya Kiyunani. Pwani yetu haikuwa kando ya njia hiyo. Iliipokea kwa waganga wa kitabu, kwa masharifu, kwa wauza dawa, na zaidi kwa vinywa vya akina mama.

Elimu ile ilisema kwamba mwilini mna vitu viowevu vinne, na kila kimoja kina sifa mbili. Damu ni moto na majimaji. Safra, nyongo ya njano, ni moto na kavu. Balgham, ute, ni baridi na majimaji. Sauda, nyongo nyeusi, ni baridi na kavu: barid yabis. Afya ni vinne hivyo kuwa katika uwiano wake. Maradhi ni kimoja kuzidi au kuharibika, na tiba ni kukipunguza hicho kilichozidi. Matabibu wa Kiarabu waliihesabu sanamaki miongoni mwa dawa zitoazo sauda, nao waliiagiza kwa maumivu ya maungo. Babu aliyepewa sanamaki kwa baridi yabisi alikuwa akitibiwa kwa mujibu wa Galen, na bibi, aliyeandika jina lake kwa shida, alikuwa akifuata mlolongo ambao jina la ugonjwa na jina la dawa vilikuwa kufuli na ufunguo.

Tukishajua hilo, maneno mengine yanaanza kujitokeza kama mifupa ya samaki maji yakikupwa. Balghamu tunayoitema tukiwa na mafua ni balgham ya Waarabu, nayo ni phlegma ya Wayunani. Mama wa Mtambwe au wa Lamu anayemwambia mwanawe ateme balghamu anatamka neno la Hippocrates, limechakaa kidogo tu kwa safari. Safura tuliifanya jina la ugonjwa: mtu hupauka, akavimba uso, akachoka kwa hatua tatu. Walipokuja wenye hadubini wakasema wakosaji ni minyoo wadogo wanaonyonya damu utumboni, na safura ikawa jina la ugonjwa wa minyoo hao. Tiba yake duniani mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa thimoli, ikitanguliwa na kufuatiwa na haluli ya kuosha utumbo, kwa hiyo jina la kale na dawa ya kale vilikutana tena katika nyumba mpya bila kutambulishana. Sauda ndiyo iliyopotea jina. Kwetu Sauda tunamjua zaidi kama binti wa mtu. Alichobakisha ni zile sifa zake mbili, zimeganda katika baridi yabisi. Hata tabia, neno tunalolisema kila siku kwa mwenendo wa mtu, ni la familia ya tabai, zile sifa za asili ambazo matabibu walizipima kwanza kabla ya kutoa dawa. Na wanaosema papai ni baridi na tende ni moto hawasemi habari za jikoni. Wanasema kile alichoambiwa Asma kuhusu shubrumu.

Sitaki kuipamba elimu hiyo. Ilikuwa na makosa makubwa. Hakuna nyongo nyeusi inayozunguka mwilini, na wagonjwa wengi, Baghdad na London pia, walitolewa damu waliyokuwa wakiihitaji. Hapa kwetu walipigwa chuku. Chuku, au ndumiko, ni pembe ya kuumikia: huwekwa juu ya ngozi iliyochanjwa, hewa ikanyonywa, damu ikapanda. Neno hilo lilipata baadaye maisha ya pili mdomoni mwa watu, kwani anayepiga chuku leo ni yule anayekuza habari. Nadhani waliotuachia maana hiyo walikuwa wamekaa chini ya pembe, wakaona uvimbe unavyoumuka pasipokuwa na kitu. Siku hizi mijini kazi hiyo imerudi kwa vikombe vya plastiki na kwa jina la hijama, na vijana wanaoifanya hawajui kwamba babu zao walikuwa na kitenzi chake cha Kiswahili, kuumika.

Lakini elimu yenye makosa inaweza kuwa na adabu. Ile ya vitu vinne ilimtaka tabibu ataje anatoa nini. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "ninasafisha" akaishia hapo. Ilitaka kilichozidi kiiviswe kwanza kwa siku kadhaa za chakula na vinywaji laini, ndipo kiharishwe, kisha mtu aache. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho Carl Velten alikichapisha Göttingen mwaka 1903 na ambacho sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinazungumzia maradhi na matibabu katika maisha ya watu wa Mrima, na anayekisoma anaona jinsi maradhi yalivyokuwa na majina na matibabu yalivyokuwa na utaratibu. Hata mwarobaini, mti uliotoka India na ambao kwa jina lake unaonekana kupiga chuku kuliko yote, una hesabu ndani yake. Arobaini kwetu ni idadi ya kukamilika: arobaini ya mzazi, arobaini ya msiba, siku za mwizi. Ni ahadi kubwa, lakini ni ahadi yenye mwisho.

Je, sumu ilitoka wapi? Neno ni la zamani. Ni summ ya Kiarabu, na Kiswahili kimekuwa nalo muda mrefu. Lakini katika matumizi ya wazee sumu ilikuwa na mwenyewe. Palikuwa na sumu ya nyoka, sumu ya mshale, sumu aliyotiliwa mfalme katika sharubati. Ilitoka nje ikaingia ndani, na kwa kawaida palikuwa na mtu wa kulaumiwa. Mwili wenyewe haukutengeneza sumu. Ulizidiwa na balghamu, au na safura, au ulipatwa na uchafu wa tumbo.

Sumu inayozaliwa ndani ilitoka Paris. Mwaka 1887 profesa Charles Bouchard alichapisha mihadhara yake akifundisha kwamba utumbo uliojaa ni kiwanda cha sumu zinazopenya kwenye damu na kuuchosha mwili wote. Wazo likawaka. Huko London daktari wa upasuaji mashuhuri, William Arbuthnot Lane, alifikia hatua ya kukata na kuutoa utumbo mpana wa wagonjwa kwa sababu ya kufunga choo, na mwaka 1913 chama cha madaktari wa kifalme kikafanya mjadala mrefu juu ya jambo hilo. Kule Michigan, John Harvey Kellogg, yule wa nafaka za asubuhi, aliwaosha wageni wake matumbo kwa maji mengi. Kisha mwaka 1919 Walter Alvarez akauliza swali ambalo bibi yangu angeliuliza. Mtu aliyefunga choo huumwa na kichwa na kuchoka, ni kweli. Lakini akipata choo, kichwa hupoa pale pale. Kama ingekuwa sumu imeenea katika damu, ingewezaje kutoweka kwa dakika chache? Kilichokuwa kikimsumbua ni kujaa na kutanuka kwa utumbo, si sumu. Madaktari wakaliacha wazo taratibu. Wauzaji hawakuliacha. Limesafiri miaka mia, likapewa jina la ditoksi, na lilipofika kwetu likahitaji neno la Kiswahili. Tukalipa sumu.

Naamini tulikosea hapo, na nasema tulikosea sisi watu wa lugha. Ini na figo hufanya kazi ya kutoa taka usiku na mchana, na anayetaka kuzisaidia ana haki ya kuambiwa ni taka gani inayozidi, na imepimwaje. "Sumu zote" haina umoja. Haitaji kimoja, basi hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema kimetoka. Msahala ulikuwa na asubuhi yake. Haluli ilikwisha mtu alipofunguka. "Kusafisha damu", maneno waliyoyatumia wazee wetu kwa vipele na majipu, yalikoma vipele vilipokauka. Lakini sumu isiyo na jina huendelea kutolewa mpaka chupa iishe, na chupa ikiisha ipo nyingine.

Shangazi aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya tano, akiwa na vidonge vya potasiamu na ndizi alizonunuliwa na kila mwanafamilia, mpaka zikaivia kapuni. Nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta barazani, mguu mmoja juu ya kiti, nikamwamkia, nikampa maji ya dafu niliyomletea. Chupa ilikuwa bado dirishani. Hakuwa ameitupa, kwa kuwa alikuwa ameilipia.

Aliniomba nimsomee nyuma tena, polepole, na safari hii kwa Kiswahili. Nikasoma: sanamaki, shubiri, tangawizi.

"Tangawizi pia?"

"Pia, shangazi."

Akanyamaza kitambo, akiuzungusha mdomo kama mtu anayetafuta ladha iliyopotea. Kisha akacheka, akijipiga paja. "Mama yangu angenichapa," akasema. "Wangeniambia tu kuwa ni sanamaki, mwanangu, ningekunywa usiku mmoja, asubuhi nikanywa uji wangu, basi." Akaomba kalamu. Juu ya ile picha ya jani, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni, akaandika neno moja, akairudisha chupa dirishani.